Mtungi Mdogo wa Oksijeni: Kwa Nini Usijazwe Nyumbani Kutoka Mtungi Mkubwa

Mgonjwa anayetumia oksijeni nyumbani huujua vizuri urefu wa mrija wake. Mrija ukiwa wa mita saba, dunia yake nayo ni ya mita saba: kitanda, kiti cha sebuleni, na pengine mlango wa choo. Kando ya ukuta umesimama mtungi mkubwa wenye uzito unaozidi kilo 60, ambao hakuna awezaye kuubeba kwenda nao kliniki, msikitini, kanisani au msibani. Mtungi mdogo ndio unaomtoa nje. Lakini mtungi mdogo huisha upesi, na mahali pa kuujazia aghalabu ni mbali, pengine katika mkoa mwingine. Hapo ndipo wazo huzaliwa: kwa nini tusiihamishe oksijeni kutoka mtungi mkubwa, ambao tayari umo ndani ya nyumba, tukaitia katika huu mdogo?

Wazo hili si la kipumbavu, wala wanaoliwaza si watu wazembe. Mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa wanaotafuta namna ya kumfikisha kliniki akiwa hai. Kwa sababu hiyo, haitoshi kuwaambia kwamba jambo hilo limekatazwa. Wanastahili kuelezwa hatari iko wapi, na wanastahili kuonyeshwa njia nyingine.

Oksijeni ni dawa

Shirika la Afya Duniani limeiweka oksijeni katika orodha yake ya dawa muhimu, na tangu mwaka 2017 orodha hiyo inaitaja waziwazi kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni katika damu. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1980 na 1981, moja ya Amerika ya Kaskazini na nyingine ya Uingereza, ndizo zilizojenga msingi wa tiba hii majumbani. Zilionyesha kwamba wagonjwa wa maradhi sugu ya kuziba kwa njia za hewa, ambao oksijeni katika damu yao imeshuka sana, huishi muda mrefu zaidi wakiitumia kwa saa 15 au zaidi kila siku.

Kama ilivyo kwa dawa nyingine, oksijeni ina kipimo. Kwa wagonjwa wengi wa maradhi hayo, lengo ni kiwango cha asilimia 88 hadi 92 kinaposomwa kwa kipimo cha kidoleni. Kuongeza mtiririko bila ushauri kunaweza kuwalimbikizia hewa ya ukaa katika damu na kuwaletea usingizi mzito, hata kupoteza fahamu.

Si sawa na kumimina maji

Watu wengi huufananisha mtungi mkubwa na pipa, na ule mdogo na ndoo. Mfano huo unapotosha. Maji humiminika kwa uzito wake, lakini gesi husukumwa kwa shinikizo, na shinikizo la oksijeni iliyo mtungini ni kubwa mno. Kipimo chake ni baa, na baa moja inakaribia shinikizo la hewa inayotuzunguka. Tairi la gari dogo hujazwa upepo kwa takriban baa 2. Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na baa 137, na mwingine hufikia 200.

Tuchukue mfano wa mtungi mkubwa wenye ujazo wa ndani wa lita 50 na shinikizo la baa 150, uliounganishwa na mtungi mdogo mtupu wa lita 5. Gesi itahama mpaka shinikizo lilingane pande zote mbili, yaani takriban baa 136. Mtungi mdogo wa pili utapata baa 124, wa tatu 113, na wa kumi 58 tu. Hata kwa hesabu tupu, basi, mtungi mdogo haujai kamwe, na kila safari ya mgonjwa inakuwa fupi kuliko ile iliyotangulia.

Kuna hila nyingine ya gesi. Inapojazwa kwa haraka hupata moto, na gesi yenye joto huonyesha shinikizo kubwa kuliko kiasi chake halisi. Mtungi unaosoma baa 150 ukiwa na nyuzi 60 za selsiasi utasoma takriban baa 132 ukishapoa hadi nyuzi 20. Mgonjwa aliyepiga hesabu ya safari kwa kipimo cha kwanza ataishiwa njiani.

Joto lisilotokana na cheche

Upungufu huo ni hasara. Hatari yenyewe imo katika kitendo cha kufungua vali.

Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata joto. Hewa ikigandamizwa ghafla, huchemka. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: haina plagi ya kutoa cheche, bali huigandamiza hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Sasa tufikirie vali ya mtungi wenye baa 150 ikifunguliwa kwa ghafla kuelekea kwenye mpira au bomba lililozibwa mbele. Gesi iliyotulia ndani ya bomba hilo hugandamizwa kwa kufumba na kufumbua. Kwa hesabu ya fizikia, joto lake laweza kupanda kupita nyuzi 900. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna waya wa umeme, na bado joto la kuanzisha moto limepatikana.

Oksijeni yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kuuchochea moto. Katika oksijeni tupu yenye shinikizo kubwa, vitu tusivyovidhania kuwa kuni huwaka: mpira wa kuzuia uvujaji, plastiki, vumbi la chuma, hata alumini na chuma chenyewe. Mafuta na grisi ndivyo vibaya zaidi. Tone la mafuta ya nazi lililobaki kidoleni, au grisi aliyoipaka fundi ili nati ilegee, latosha kuwasha moto ambao mshika spana hatapata nafasi ya kuukimbia.

Hili si jambo la nadharia. Mwaka 1999 mamlaka za Marekani zinazosimamia dawa na usalama kazini zilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu vidhibiti shinikizo vya alumini vilivyokuwa vikiungua na kulipuka katika mitungi ya oksijeni. Mwaka 2006 zilitoa tahadhari nyingine, safari hii kuhusu washa za plastiki zilizokuwa zikitumiwa tena na tena kinyume cha maelekezo. Ikiwa kifaa kilichoundwa kiwandani kwa ajili ya oksijeni chaweza kuwaka kwa sababu ya washa moja, tusitarajie usalama katika kiungio kilichochongwa gereji.

Kinga zinazovunjwa na kiungio cha kienyeji

Mitungi midogo ya hospitali ina vitundu viwili kwenye vali, na kidhibiti shinikizo chake kina vijiti viwili vinavyoingia humo. Nafasi za vitundu hutofautiana kwa kila gesi: oksijeni ni namba 2 na 5, hewa ya kawaida ni 1 na 5, gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi ni 3 na 5. Mpango huu uliwekwa ili mtu asimpe mgonjwa gesi nyingine kwa bahati mbaya, hata akiwa gizani au akiwa amechoka. Kiungio cha kienyeji huufuta ulinzi huo wote, kwa kuwa kinakubali gesi yoyote.

Hatari hiyo huongezeka pale mtungi mkubwa unapokuwa wa mafundi wa kuchomelea vyuma. Huenda gesi iliyomo ni oksijeni kweli, lakini mtungi huo haukusafishwa wala kupimwa kwa ajili ya pafu la binadamu. Haijulikani ulikuwa na nini kabla, wala kama una unyevu, kutu au mabaki ya mafuta.

Kituo halali cha kujazia hufanya mambo ambayo sebule haiwezi. Hukagua tarehe ya mwisho mtungi ulipopimwa uimara, hutazama kama una mikunjo au kutu, huondoa gesi iliyobaki, hujaza taratibu huku joto likiangaliwa, hupima usafi wa oksijeni, kisha hubandika lebo yenye namba ya toleo. Tatizo likitokea, namba hiyo husaidia kuitafuta mitungi yote iliyojazwa pamoja.

Je, hakuna kujaza nyumbani kulikoruhusiwa?

Kupo, lakini si huku. Marekani na Ulaya, baadhi ya wagonjwa hupewa mashine inayochukua oksijeni kutoka hewani na kuisukuma taratibu katika mtungi mdogo kwa saa moja hadi tatu au zaidi. Mashine hiyo hupima ubora wa oksijeni na kusimama yenyewe ukishuka, na kiungio chake hukubali mitungi yake pekee. Wengine hutumia oksijeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 183 chini ya sifuri, ambayo lita moja yake huzaa zaidi ya lita 800 za gesi. Mgonjwa huijaza katika chupa ndogo ya kubebeka kutoka tangi la nyumbani, kwa shinikizo dogo, akijihadhari na baridi inayounguza ngozi. Katika njia zote mbili, usalama umo ndani ya kifaa chenyewe na mtumiaji amefundishwa. Kuunganisha mitungi miwili kwa bomba na spana hakuna lolote kati ya hayo.

Njia zinazowezekana kwetu

Ya kwanza ni kubadilisha matumizi: mashine ya kuzalisha oksijeni itumike nyumbani, mtungi uwe wa safari na wa akiba umeme ukikatika. Mashine ya kawaida hutoa hadi lita 5 kwa dakika, yenye oksijeni ya takriban asilimia 93. Hutumia kati ya wati 300 na 400, yaani kama yuniti 8 za umeme ikiwashwa usiku na mchana. Gharama hiyo ilinganishwe na ya mitungi: mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika, hauzidi saa 57.

Ya pili ni kubadilishana mitungi. Mgonjwa awe na mitungi midogo miwili, mmoja ukitumika na mwingine ukienda kujazwa. Tangu janga la UVIKO-19, hospitali kadhaa za Afrika Mashariki zimefungiwa mitambo ya kuzalisha oksijeni, na baadhi hujaza mitungi. Inafaa kuuliza hospitali ya rufaa iliyo karibu kabla ya kudhani kwamba huduma hiyo haipo.

Ya tatu ni kuurefusha muda wa mtungi. Kipo kifaa kinachotoa oksijeni pale tu mgonjwa anapovuta pumzi, badala ya kuimwaga muda wote. Kisitumiwe kabla mgonjwa hajapimwa akiwa anatembea, kwa kuwa si kila mtu kinamtosha.

Ya nne ni hesabu. Zidisha ujazo wa ndani wa mtungi kwa shinikizo linalosomeka katika baa, upate lita za oksijeni. Kisha gawanya kwa mtiririko wa dakika moja. Mtungi wenye lita 680, kwa lita 2 kila dakika, hudumu dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Toa robo iwe akiba, zinabaki saa 4 na robo. Safari ya kliniki ipangwe ndani ya muda huo, foleni ikiwemo.

Tahadhari za kila siku

Mtungi usimamishwe na kufungwa kwa mnyororo au mkanda, kwa sababu ukianguka na vali ikakatika hurushwa kama kombora. Vali ifunguliwe polepole, kwa mikono safi isiyo na mafuta. Mgonjwa asipake mafuta ya mgando puani wala midomoni. Atumie ya maji aliyoelekezwa na mhudumu. Oksijeni ikae angalau mita 3 kutoka jiko la mkaa, mshumaa, chetezo cha udi na dawa ya mbu ya kuchoma. Asivute sigara yeye wala mwingine chumbani humo. Nguo, shuka na nywele hunyonya oksijeni, hivyo mgonjwa apunge hewa nje kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kusogelea moto.

Neno kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani na oksijeni, tumezoea kumwuliza kama ana umeme, kama ana mtu wa kumhudumia, kama ameelewa mtiririko wake. Tuongeze swali moja: utatokaje nyumbani? Atakayekosa jibu ndiye atakayetafuta spana mwezi wa pili au wa tatu. Basi jibu liandikwe kabla hajaondoka wodini: mtungi gani, utajazwa wapi, na nani atakayeupeleka, na namba ya kupiga simu ukikaribia kuisha. Tukimkuta tayari amejaza mwenyewe, tusimfokee, maana atakayefokewa leo kesho ataficha. Tumwombe aviweke kando viungio hivyo, mitungi ikaguliwe, na mpango upangwe upya pamoja naye na jamaa zake.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ajali hii kinga inayo, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni mpango wa safari uliopangwa mapema.