Babu Aliyepanda Kilimanjaro kwa Blanketi

Ukitaka kujua kwamba Krismasi imefika Dar, usiangalie taa za madukani. Nenda Kimara au Mbezi wiki ya tatu ya Desemba uone foleni. Magari yamesheheni, watoto wamebanwa katikati ya mabegi na magunia ya mchele, na baba yuko kwenye usukani kavaa fulana mpya. Wachagga wanakwenda kuhesabiwa! Utani huo ni wa miaka mingi, na wenyewe wala hawaukatai.

Kama umeoa au umeolewa huko, unajua kinachofuata. Mbuzi kachinjwa, mbege imeiva, mmekaa karibu na migomba, halafu mtu mmoja anaanza: "Babu yenu hakuwa mtu wa mchezo." Kila ukoo unaye babu wa aina hiyo. Alilala msituni siku tatu akitafuta asali. Alimuua chui kwa mkuki. Na kila Desemba yule chui anazidi kunenepa.

Marangu wanaye wao, ambaye habari zake zilivuka mipaka ya ukoo zikafika hadi Ulaya. Ni Mzee Yohani Kinyala Lauwo. Wengi wa rika letu tulimsikia juujuu tu, "yule mzee aliyempeleka Mzungu mlimani", tukaishia hapo. Stori yenyewe ni tamu kuliko hivyo.

Alikamatwa kwa utoro

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alifika Marangu kwa Mangi Marealle. Ilikuwa mara yake ya tatu kuutafuta mlima. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hakufika kabisa, maana alitekwa na watu wa Abushiri, wakamwachia baada ya kulipwa fidia. Safari hii alikuja na mpanda milima kutoka Austria, Ludwig Purtscheller, pamoja na wapagazi aliotoka nao pwani.

Simulizi ya Marangu inasema kijana Kinyala, wa miaka 18 hivi, alikuwa amekwepa kazi ya kutengeneza barabara. Akanaswa, akapelekwa kwa Mangi kuhukumiwa. Kumbe wageni nao wako palepale, wanaomba mtu anayeujua msitu. Wazee wa Mangi wakamwangalia yule mtoro. Vijana wa huko walizoea kupanda msituni kutafuta asali, dawa na ngozi za mbega, na huyu alikuwa mmoja wao. Basi, adhabu ikageuka ajira.

Hebu fikiria ile baridi. Leo ukipanda kwa njia ya Marangu unakodi koti, buti na glovu, unavaa soksi mbili mbili, na bado ukifika kibanda cha Kibo unamlilia mama yako. Yeye, kama inavyosimuliwa, alijifunga mablanketi.

Meyer na Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Siri yao ilikuwa chakula. Meyer alipanga kambi hatua kwa hatua, na wapagazi wakawa wanapandisha mahitaji kutoka Marangu, ili wakishindwa wasilazimike kushuka mpaka chini. Na kweli walishindwa. Tarehe 3 walitumia saa nyingi kuchonga ngazi kwenye barafu, wakafika kwenye ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi kambini. Walipumzika ndipo wakapanda tena. Sasa jiulize, bila migongo ya wale waliobeba chakula, hiyo siku ya pili ingetoka wapi?

Meyer alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, akachukua na jiwe la huko juu akampelekea Kaiser mwenyewe. Likawekwa kwenye jumba la kifalme kule Potsdam. Sisi kilele tulikirudisha mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge, kikaitwa Uhuru.

Lauwo yeye alibaki na mlima. Inaelezwa aliongoza wageni kwa zaidi ya miaka 70.

Hesabu inagoma

Hapa lazima tuwe wakweli. Katika kitabu chake, mtu ambaye Meyer anamsifu kwa kukaa nao kule juu kambini ni Muini Amani wa Pangani, kijana wa pwani aliyevumilia baridi ya zaidi ya mita 4,000 akiwapikia. Habari za Lauwo zimetufikia zaidi kwa mdomo, yake mwenyewe na ya watu wa Marangu.

Halafu kuna umri. Mzee alifariki tarehe 10 Mei 1996. Kama mwaka 1889 alikuwa na miaka 18, basi alikufa akiwa na miaka 124 au 125. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa vyeti ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 na miaka 122. Mzee wetu angekuwa amempita! Lakini ukimpunguzia miaka, unapunguza na stori. Mpe miaka 110 tu, ambayo nayo si mchezo, na mwaka ule wa Meyer alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Mimi nina mashaka na tarehe, sina mashaka na mtu. Ondoa 1889 yote, bado unabaki na mwanaume aliyeufanya mlima kuwa ofisi kwa miaka mingi, kabla haujatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973. Waongozaji na wapagazi wanaolisha familia kwa kazi hiyo leo wanapita njia waliyoizoea watu kama yeye.

Mwaka 1989 iliadhimishwa miaka 100 ya safari ile. Purtscheller alikufa mwaka 1900. Meyer alikufa mwaka 1929. Aliyekuwa hai, ambaye mtu angeweza kumsogezea kiti na kumuuliza ilikuwaje, alikuwa mzee wa Marangu peke yake.

Desemba iliyopita, baada ya kula, niliwasha simu nikamrekodi baba mkwe. Ana miaka themanini na kitu. Alianza na safari ya kutembea kwa miguu hadi mpakani, akaingia kwenye chui. Mwaka juzi walikuwa wawili, safari hii akasema mmoja. Mama mkwe, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, hakuinua hata macho.

"Baba nanihii, hata huyo mmoja hukumwona. Uliona nyayo."

Sauti yake nayo imo kwenye simu.