Kubadilisha Dirisha la Chumba cha Chini: Hewa, Maji na Njia ya Kutokea

Nyumba nyingi zilizojengwa kwenye miteremko zina vyumba vya chini ambavyo upande mmja wa ukuta umezikwa udongoni. Madirisha ya vyumba hivi ni madogo, yako juu karibu na dari, na fremu zake za chuma zimeshikiliwa kwa saruji tangu siku ya ujenzi. Zikianza kuoza, mwenye nyumba huita fundi ili aweke mpya. Kabla ya kazi kuanza, kuna mambo ambayo yeye na mpangaji wanapaswa kuyafahamu.

Kwa nini usingoje? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Fremu inapooza, kutu hiyo husukuma saruji mpaka ikapasuka, na maji ya mvua hupita kwenye nyufa hizo. Dirisha lililoganda kwa kutu pia halifunguki. Jiko la makaa likiwashwa katika chumba kama hicho, hewa ya sumu isiyo na harufu hujaa na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Hata baada ya kuweka dirisha jipya, usilale na jiko la makaa chumbani.

Kupima. Pima upana sehemu tatu: juu, katikati na chini. Fanya vivyo hivyo kwa urefu. Chukua kipimo kidogo zaidi, kisha upunguze takriban sentimita moja ili fremu mpya iingie bila kulazimishwa.

Kutoa fremu ya zamani. Ondoa vioo kwanza. Fundi akate fremu katikati kwa msumeno wa chuma au grainda, aivute kuelekea ndani, kisha akate vyuma vilivyozama ukutani. Kupiga ukuta kwa nyundo nzito hupanua nyufa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto na wajawazito. Ilowesheni kabla ya kuikwangua, msiichome, na watoto wakae mbali hadi vumbi lisafishwe.

Usiguse lenta. Boriti ya zege iliyo juu ya dirisha hubeba uzito wa ukuta. Kubadilisha fremu kwa kipimo kilekile ni kazi ndogo. Kupanua nafasi ya dirisha ni kubadilisha jengo, na huhitaji ushauri wa mhandisi pamoja na idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Kuzuia maji. Kingo ya chini ya dirisha iinamie nje. Udongo wa nje uwe chini ya kingo hiyo kwa angalau sentimita 15. Ikiwa haiwezekani, chimba shimo mbele ya dirisha, ulijaze kokoto na uweke bomba la kupeleka maji mbali. Saruji pekee haitoshi kuziba pengo la fremu, kwa kuwa hupasuka chuma kinapopanuka kwa joto. Malizia kwa silikoni ya nje.

Grili ifunguke. Hili ndilo muhimu zaidi. Wengi huchomelea grili moja kwa moja kwenye fremu kwa kuogopa wezi. Moto ukizuka mlangoni, waliomo ndani hawana pa kutokea. Agiza grili yenye bawaba na komeo la ndani, na funguo, ikiwa ipo, ikae mahali ambapo kila aliye chumbani anapajua. Kwa kulinganisha, mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hutaka dirisha la kutokea liwe na nafasi wazi isiyopungua sentimita 45 kila upande, na eneo la mita ya mraba 0.33, yaani kama sentimita 45 kwa 75. Dirisha lako likiwa dogo kuliko hapo, usilihesabu kuwa njia ya kutokea. Zungumza na mhandisi kuhusu kulipanua au kuongeza mlango.

Mpangaji ambaye grili ya chumba chake haifunguki amweleze mwenye nyumba leo, kwa maandishi. Bei ya bawaba mbili na komeo ni ndogo. Dharura ikitokea, piga 999 au 112.