Ukumbi wa Tikiti Chini ya Udongo

Katika miji mikubwa sana, watu na magari wanajaa barabarani hata njia inafungika. Ndiyo sababu watu walichimba njia chini ya udongo, wakatandika vyuma na kupitisha magari humo. Njia ya namna hiyo inaitwa metro. Metro ya kwanza duniani ilifunguliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 10 Januari 1863. Siku zile magari yake yalivutwa na mashine za moshi. Leo yanakwenda kwa nguvu ya umeme.

Kituo kimoja cha metro hiyo kinaitwa King's Cross. Njia sita za metro zinakutana pale, na juu yake ziko stesheni mbili kubwa za treni. Asubuhi na jioni watu wanapita kama siafu.

Msafiri wa metro haendi moja kwa moja kwenye gari. Kwanza anaingia katika ukumbi wa tikiti. Zamani alijipanga mbele ya dirisha, akatoa feza, karani akampa tikiti. Kisha alipita penye mlango mdogo ambapo tikiti iliangaliwa. Halafu alishuka kwa ngazi inayotembea. Ngazi hiyo inavutwa na mashine: mtu anasimama tu, nayo inampeleka chini au juu.

Basi, ukumbi wa tikiti ni kama shingo ya chupa. Wanaoingia na wanaotoka, wote wanapita humo. Fikiri kanisa lenye mlango mmoja mwembamba siku ya Noeli. Misa ikiisha, watu wanasukumana. Itakuwaje basi hatari ikitokea?

Hatari ilitokea King's Cross jioni ya tarehe 18 Novemba 1987. Njiti ya kiberiti iliyokuwa ikiwaka ilianguka chini ya ngazi inayotembea. Ngazi ile ilikuwa ya mbao, na chini yake palikuwa na takataka na mafuta ya mashine. Mwanzoni moto ulikuwa mdogo, na watu wengi hawakuuogopa. Lakini ngazi ilikuwa kama bomba la moshi lililoinama. Baada ya dakika chache moto ulipanda kwa ghafula na kulipuka ndani ya ukumbi wa tikiti. Moshi mweusi ulijaa, watu wasione njia ya kutokea. Watu 31 walikufa.

Kati yao alikuwa Colin Townsley, mkubwa wa kikosi cha wazima moto. Angaliweza kukimbia, lakini alibaki amsaidie msafiri mmoja aliyekuwa katika taabu. Wote wawili walikufa. Baadaye serikali ilimpa nishani kwa ushujaa wake.

Serikali ilimweka mwanasheria, Desmond Fennell, achunguze habari yote. Mwaka 1988 alitoa mashauri 157. Tangu hapo ngazi za mbao ziliondolewa, moja baada ya moja, zikawekwa za chuma. Sigara zilikatazwa vituoni. Wafanyakazi walifundishwa namna ya kutambua moto na kuwatoa watu upesi.

Lakini shingo ya chupa ilikuwa ingali nyembamba, na wasafiri waliongezeka. Tena treni za kutoka Ufaransa zilitazamiwa kufika katika stesheni ya jirani, St Pancras. Nazo zilianza kufika huko mwaka 2007. Kwa hiyo kituo kilipaswa kujengwa upya.

Je, watu wapite wapi wakati wa kujenga? Kituo kama kile hakiwezi kufungwa miaka mizima. Mtu mwenye akili habomoi nyumba ya zamani kabla ya kusimamisha mpya. Wajenzi walifanya vivyo hivyo. Walichimba ukumbi mwingine upande wa magharibi, ukafunguliwa mwaka 2006. Wakachimba wa tatu upande wa kaskazini, ukafunguliwa mwaka 2009. Ukumbi wa zamani nao uliongezwa ukubwa. Vijia vipya vilichimbwa ili umati ugawanyike, na lifti zikawekwa kwa ajili ya vilema, wazee, na mama wenye watoto.

Namna ya kulipa nayo ilibadilika. Mwaka 2003 ilitolewa kadi yenye feza ndani yake. Msafiri anaigusisha kwenye mashine ya mlangoni, mlango unafunguka, na bei ya safari inakatwa. Tangu mwaka 2014 kadi ya benki inafanya kazi hiyohiyo. Wakubwa wa metro walisema: katika safari 100, hazifiki 3 ambazo msafiri anakwenda dirishani. Kwa hiyo mwaka 2015 madirisha ya tikiti yalifungwa. Makarani walitoka nyuma ya vioo, wakasimama ukumbini kati ya wasafiri.

Si wote waliofurahi. Mwaka 2014 wafanyakazi waligoma, kwa sababu mamia ya kazi yalikuwa yakiondolewa. Wengine waliwahurumia wazee na wageni wasiojua kutumia mashine. Neno lao lilikuwa na maana. Mashine inaweza kutoa tikiti, lakini haiwezi kumshika mkono mtoto aliyepotea, wala kunusa moshi na kuwaita watu: «Njoni huku!»

Mahali wanapokutana watu wengi panataka vitu vitatu: milango ya kutosha, usafi, na mtu mwenye macho na moyo wa kuwaangalia wengine. Hayo ni kweli kwa kituo cha metro, na ni kweli kwa soko, kanisa na shule.

Maswali
1. Kwa nini ukumbi wa tikiti unafananishwa na shingo ya chupa?
2. Moto wa mwaka 1987 ulianza namna gani? Ni nini kilichouzidisha?
3. Wajenzi walifanyaje ili kituo kisifungwe?
4. Hesabu milango ya darasa lako. Moto ukitokea, mtatokea wapi?