Kashe siyo kasheshe: 486 ya mjomba yafufuka Lushoto

Wiki hii weka simu pembeni kidogo, tupande mlimani. Pale Mombo joto linakutoa jasho, halafu gari linaanza kuzila zile kona za Soni, kilometa 33 hivi, na ukishuka Lushoto unatafuta sweta. Huko ndiko anakokaa mjomba wangu, mwalimu mstaafu, na kompyuta yake ya 486 aliyoinunua 1996.

Usicheke. Bongo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na mlango ukaja kufunguka sawasawa miaka ya 1990. Kwa hiyo hizo 386 na 486 ndizo zilizowafungulia wengi macho. Ya mjomba ina kitu kingine zaidi: methali za Kisambaa alizozichapa akimsikiliza bibi, kurasa kwa kurasa. Flopi alizohifadhia zimeota ukungu. Bibi naye ameshatangulia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mgonjwa wako yuko chumbani."

Mgonjwa alikuwa anawaka, anahesabu ramu, halafu anaganda. Fundi mmoja alishamwambia auze kwa kilo. Mimi nilijaribu kuchomoa diski niiunganishe na laptop yangu, ikakataa kutambulika. Basi nikaingia kwenye bayosi nikazima kashe ya nje. Ikawaka! Ila ilikuwa inajikokota kama fuso lililopakia kabichi linapanda Soni.

Kashe ni nini? Chukulia wewe ni mama ntilie hapo Lushoto. Chumvi ikiwa mezani, unanyoosha mkono tu. Ikiwa Mombo, kila ukihitaji kijiko kimoja unapanda gari. Prosesa ndiye mama ntilie, ramu ndiyo Mombo, kashe ndiyo meza. Ramu ya zamani ilikuwa nzito mno kwa prosesa, ndiyo maana kwenye madabodi wakaweka chipu za kumbukumbu yenye kasi zaidi. 486 ina kilobaiti 8 ndani yake yenyewe, 386 za Intel hazina kitu. Ndiyo maana 386 ukiiwekea kashe inachangamka kuliko 486.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili methali zote kwenye flopi mpya. Mjomba akahema, akaenda kuchemsha chai. Hapo ndipo nikashika bisibisi.

Madabodi ilikuwa na kashe ya kilobaiti 128: chipu nne za kilobaiti 32 kila moja, na kachipu kadogo ka tano pembeni. Mashine ikiwaka inapata moto, ikizimwa inapoa, na baridi ya huku mwezi wa saba unaijua. Miaka inapita, chipu zinajisukuma kidogo kidogo kutoka kwenye soketi. Moja ilikuwa imenyanyuka, na miguu imekuwa myeusi kwa unyevu. Mchawi tumemkamata.

Soketi nne za jirani zilikuwa tupu, nami nilikuwa na chipu tisa za aina hiyo nilizochomoa kwenye madabodi zilizokufa. Nikaona isiwe tabu, tupande hadi 256. Angalia tarakimu za mwisho: 15 au 20 ni nanosekunde, na ndogo ndiyo yenye kasi. Kishimo cha chipu kielekee upande wa kishimo cha soketi, maana ukigeuza unaikaanga. Chipu ina miguu 28. Kama soketi ina matundu 32, manne ya upande wa kishimo yanabaki wazi. Nikapachika nane, nikahamisha jampa kama ilivyochapwa kwenye ubao wenyewe, nikawasha.

Ikaganda tena. Mjomba kasimama mlangoni na kikombe, haongei kitu.

Kumbe nimesahau kale kachipu! Kazi yake ni kukumbuka kila kilichopo mezani kimetoka wapi. Meza ikikua, na daftari likue. Nikakang'oa, nikaweka ile chipu ya tisa. Kioo kikaandika 256K.

Hata hivyo usikiamini kioo peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 zilisambazwa madabodi zenye kashe feki, vipande vya plastiki vyenye miguu, ndani hamna kitu, na bayosi imefundishwa kudanganya. Wanunuzi waliliwa mchana kweupe. Nilipima kwa CACHECHK, programu ya DOS inayoonyesha kasi inaposhukia. Ilishuka baada ya kilobaiti 8, ikashuka tena baada ya 256. Mali halali.

Miujiza lakini hamna. Kutoka 128 kwenda 256 tofauti ni ndogo. Utamu uliusikia kutoka kashe iliyozimwa kuja iliyowashwa. Faili la methali lilikuwa linafunguka huku chai inapoa, sasa hivi hujashika kikombe.

Mjomba alisoma tatu kwa sauti, kwa lafudhi ya bibi kabisa. Halafu akageuka: "Hivi haiwezi kwenda 512?"

Mjomba, sasa hiyo ndiyo kasheshe.