Deni la Umeme na Mita ya LUKU: Hakikisha Namba ya Mwisho Kabla Mita ya Zamani Haijaondoka



Kwa miaka mingi, ajenda ya umeme katika mikutano ya hadhara ya vijiji vyetu ilikuwa na swali moja tu: nguzo zitafika lini? Siku hizi swali limegeuka. Wengi wa wanaosimama kuuliza wameshaunganishwa, na wanachouliza ni habari ya deni. Mita ya zamani, ile ya kutumia kwanza na kulipa baadaye, imeondolewa na kufungwa ya LUKU bila mwenye nyumba kuombwa ridhaa. Kila anaponunua umeme, anapata uniti chache kuliko jirani aliyelipa fedha zilezile. Mwingine amehamia chumba cha kupanga na kukuta anakatwa deni la mtu aliyekwisha kuhama.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Halmashauri haiuzi umeme, wala haina mamlaka ya kufuta deni la mtu. Umeme ni wa TANESCO, na msimamizi wa huduma hiyo kisheria ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Hata hivyo, anayekaa gizani ni mkazi wa kata hii, na mara nyingi anakaa gizani kwa kutojua jambo ambalo angeweza kulishughulikia kwa siku moja.

Je, mwenye nyumba anaweza kuikataa mita?

Jibu fupi ni kwamba kukataa hakusaidii. Mita ni mali ya shirika, hata kama imefungwa kwenye ukuta wako. Shirika lina haki ya kuibadilisha inapoharibika, inapopitwa na wakati, au linapoamua kumhamisha mteja kwenda mfumo wa malipo ya kabla. Mfumo huo, ambao jina lake ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ulianza nchini katika miaka ya 1990, na sasa ndio wa kawaida kwa majumba. Anayefunga geti ili mafundi wasiingie anaweza kukatiwa umeme kutoka kwenye nguzo, na kurudishiwa kunaweza kumwongezea gharama.

Nguvu ya mteja haiko katika kukataa mita mpya. Iko katika namba zinazoonekana kwenye mita ya zamani siku inapoondolewa. Hizo ndizo zinazoamua unadaiwa kiasi gani, na mita ikishapakiwa kwenye gari kurudi Nzega, itakuwa vigumu sana kwako kuthibitisha vinginevyo.

Sababu ni hii. Wenye mita za zamani walikuwa wakipokea ankara kila mwezi. Miezi ambayo msoma mita hakufika, au alifika akakuta nyumba imefungwa, ankara huandikwa kwa makadirio. Makadirio yanaweza kuwa chini ya matumizi halisi au juu yake. Tuchukue mfano. Ankara yako ya mwisho inasema mita imefika 4,210, lakini mita yenyewe ukutani inasoma 3,985. Tofauti ni uniti 225 ambazo umedaiwa bila kuzitumia. Kwa bei ya kundi la kawaida la majumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takribani shilingi 356 kwa uniti moja, hizo ni zaidi ya shilingi 80,000. Asiyeitazama mita siku hiyo atazilipa kidogo kidogo kupitia LUKU bila kujua.

Kwa hiyo mafundi wanapofika, omba kwanza vitambulisho vyao. Piga picha ya mita ya zamani kwa simu, namba zake zote zionekane, pamoja na namba ya mita yenyewe. Asiye na simu ya picha aandike namba hizo kwenye daftari mbele ya jirani au mwenyekiti wa kitongoji, na shahidi huyo atie saini. Omba kuiona fomu ya kubadilisha mita kabla ya kuisaini, na usisaini sehemu iliyoachwa wazi. Hakuna fundi mwaminifu atakayeona vibaya ukifanya hivyo.

Anayekuomba fedha taslimu mkononi ili "aliondoe" deni lako, au ili "aichezee" mita isome polepole, huyo ni kishoka, hata kama amevaa fulana yenye nembo. Malipo halali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na hutoa risiti. Mita iliyochezewa ikigundulika, unakadiriwa umeme unaosemekana kuibwa na unaongezewa kwenye deni ulilokuwa ukijaribu kulikwepa, mbali na hatua za kisheria. Kishoka wakati huo hapatikani hata kwa simu.

Deni linavyoingia katika LUKU

Watu wengi hudhani kwamba mita mpya huanza ukurasa mpya. Sivyo. Deni la mita ya zamani linaweza kuhamishiwa kwenye mita mpya, na kila unaponunua umeme sehemu ya fedha zako inachukuliwa kwanza kulipia deni. Kinachobaki ndicho kinachokuwa uniti.

Tufanye hesabu kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini (REA) asilimia 3, na ya EWURA asilimia 1. Akinunua umeme wa shilingi 10,000 bila deni lolote, anapata uniti 28 na ushei. Tuseme ana deni na amepangiwa kukatwa asilimia 30. Shilingi 3,000 zinaondoka, na 7,000 zilizobaki zinampa uniti 19.6. Kama katika ununuzi huohuo kuna kodi ya majengo ya shilingi 1,500, anabaki na shilingi 5,500, yaani uniti 15.4. Karibu nusu ya alichotegemea imekwenda, na wala mita si mbovu.

Kodi ya majengo imeleta utata mwingi, kwa hiyo naieleza kidogo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia LUKU kwa majengo yanayohusika, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Si deni la umeme. Usiponunua umeme kwa miezi mitatu, ununuzi wa nne utakatwa ya miezi iliyolimbikizwa. Mwenye nyumba mwenye umri wa miaka 60 na zaidi amesamehewa kwa nyumba moja anayoishi, lakini msamaha haujitumi wenyewe. Ni lazima aende TRA kuuomba. Nyumba yenye mita mbili au tatu nayo isikatwe mara tatu. Hilo pia hurekebishwa TRA, si TANESCO. Na mlipaji ni mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kwenye mita ana haki ya kukubaliana na mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango. Atunze risiti.

Ukikuta makato usiyoyaelewa, soma risiti au ujumbe wa simu mstari kwa mstari kabla ya kulalamika. Kila kato lina jina lake. Ukiona deni usilolijua, piga namba 180, huduma kwa wateja ya TANESCO isiyo na malipo, au fika ofisi yao ya Nzega ukiwa na namba ya mita. Omba mchanganuo wa maandishi: deni limetokana na miezi ipi, kwa usomaji upi, na limebaki kiasi gani.

Kuomba muda wa kulipa

Deni lililothibitishwa ni la kulipwa, na hapo hakuna njia ya mkato. Hata taasisi za Serikali hazikusalimika. Machi 2017, baada ya Rais John Magufuli kuagiza akiwa Mtwara kwamba wadaiwa wote wakatiwe umeme bila kujali vyeo vyao, TANESCO ilitoa siku 14 kwa wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za umma.

Lakini kulipa si lazima kuwe kwa mkupuo. Nenda ofisini kabla umeme haujakatwa, na uende na pendekezo lako. Mkulima wa karanga, mpunga au alizeti katika kata hii hana kipato kinachofanana kila mwezi. Januari na Februari ghala ni tupu na fedha zimeishia kwenye mbegu na ada za shule. Kuanzia Juni mazao yanauzika. Eleza hivyo kwa maandishi: kwamba unaomba makato madogo wakati wa kilimo na makubwa baada ya mavuno. Barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji inayothibitisha hali yako ya kipato hutolewa ofisini kwake, na inasaidia. Shirika halilazimiki kukubali kila ombi, ila mteja aliyefika mwenyewe na pendekezo ana nafasi kubwa kuliko aliyesubiri kukatiwa.

Hapa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Zamani kukatiwa umeme kulionekana: gari lilifika, fundi akapanda nguzo, majirani wakaona. Kwa LUKU hakuna anayekuja. Uniti zinaisha na giza linaingia lenyewe, na nyumba inaweza kukaa hivyo wiki mbili pasipo mtu kujua kwamba mtoto anasomea kibatari au kwamba dawa ya mgonjwa haina pa kuhifadhiwa. Uingereza walilipata somo hilo kwa aibu. Februari 2023 iligundulika kwamba mawakala wa kampuni za nishati walikuwa wakiingia kwa nguvu, kwa hati za mahakama, katika nyumba za wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga ili kufunga mita za malipo ya kabla kwa sababu ya madeni. Msimamizi wa nishati wa nchi hiyo, Ofgem, akasimamisha ufungaji huo, kisha akaweka masharti, likiwemo la kutowafungia kwa nguvu watu wenye umri wa zaidi ya miaka 85.

Kwetu, kama nyumbani mna mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme au dawa inayohitaji ubaridi, liandike hilo katika barua yako ya kuomba makato madogo, na uambatishe cheti kutoka Kituo cha Afya. Mjulishe pia Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Nyumba za kupanga na mita moja

Mimi mwenyewe, nilipohamia nyumba ya kupanga kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nilinunua umeme wa shilingi 5,000 na kupata uniti ambazo hazikumaliza siku nne. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa ameacha deni, na mwenye nyumba "alisahau" kulitaja. Nililipa, kwa sababu sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha hali ya mita siku niliyokabidhiwa ufunguo. Tangu hapo, kabla ya kulipa kodi ya chumba, huomba mwenye nyumba anunue umeme wa shilingi 1,000 mbele yangu, na tunasoma ujumbe pamoja. Kama kuna deni, linaandikwa kwenye mkataba kuwa ni lake.

Kuna hasara nyingine ya mita moja inayowahudumia wapangaji wengi. Mteja wa matumizi madogo, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 tu kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Pamoja na kodi na tozo, uniti hizo 75 ni shilingi 9,150. Wapangaji wanne wanaotumia uniti 30 kila mmoja hufikisha 120 kwenye mita moja. Gharama yao inapanda hadi shilingi 28,365, na matumizi yakiendelea hivyo mita huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti hizohizo ni takribani shilingi 42,700. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika kundi la D1, wote wanne wangelipa jumla ya shilingi 14,640. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba wapangaji wake hugombana juu ya umeme kila mwezi aanze kwa kuiangalia hesabu hiyo, kisha aulizie gharama ya kuongeza mita.

Usiporidhika na majibu

Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Liandike, upeleke ofisi ya TANESCO Nzega, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa au usiporidhika, peleka lalamiko EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Magharibi mjini Tabora. Huko pande mbili husuluhishwa kwanza, na ikishindikana shauri husikilizwa na kuamuliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji na kumwelekeza.

Asiyejua kuandika lalamiko, au mwenye mgogoro na mwenye nyumba kuhusu deni aliloachiwa, afike Ofisi ya Kata akiwa na risiti, picha ya mita na mkataba wa pango kama upo. Afisa Maendeleo ya Jamii atamuunganisha na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma hiyo hailipiwi.