Ng'ombe Asiyeshika Mimba

Je, ng'ombe wako wa maziwa alizaa miezi miwili iliyopita, na sasa hutafuta dume kila baada ya siku chache, au hamtaki kabisa? Usiharakishe kumwuzia mchinjaji. Kwa desturi ng'ombe huingia joto kila siku 21, na yai hutoka katika kifuko kidogo kilicho juu ya ovari, yaani kiungo cha kutengenezea mayai. Kifuko kisipopasuka huzidi kujaa maji mpaka kikapita sentimita mbili na nusu, na mimba haishiki. Ugonjwa huu huwapata zaidi ng'ombe wanaokamwa maziwa mengi.

Mwite daktari wa mifugo. Atampima kwa kuingiza mkono katika njia ya mavi (kazi yako ni kumshika ng'ombe barabara!), kisha atachagua sindano ifaayo. Wako wanaopenda kukipasua kifuko kwa kukifinya. Usikubali, maana ovari huweza kuumia. Wala usinunue dawa mwenyewe. Pengine huyo asiyetaka dume ana mimba tayari, na sindano mojawapo huitoa. Daktari akifika, mwonyeshe tarehe ulizoandika za kuzaa, za joto na za kupandishwa.