Cheche Usiyoihisi

Muulize fundi wa Lodwar kompyuta huharibiwa na nini, atakutajia vumbi, kisha joto. Umeme tuli hautajwi sana, kwa kuwa hauachi moshi wala harufu.

Mji huu hupata mvua ya takribani milimita 200 kwa mwaka. Hewa ikikauka kiasi hicho, chaji inayotokana na vitu kusuguana hubaki mwilini, haina unyevu wa kuivujisha. Inuka kwenye kiti cha plastiki ukiwa na shati la polista, na huenda umebeba volti elfu kadhaa.

Mtu huanza kuhisi cheche ikifika volti 3,000 hivi. Zipo chipu zinazoumia kwa volti 100, hata pungufu. Utando wa kuhami ulio ndani yake ni mwembamba mno, nao hutobolewa mkono usihisi lolote. Kibaya zaidi ni utando uliojeruhiwa nusu: mashine inawaka, mwenyewe anaibeba hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, na wiki chache baadaye inaanza kuzimika ovyo. Lawama zote linabebeshwa joto.

Ushauri wa kawaida ni kujiunganisha na ardhi kwanza. Lakini mchanga mkavu wa Turkana hupitisha umeme kwa shida, na waya wa ethi uliofukiwa humo si wa kutegemewa. Kinachoiokoa chipu hasa ni mkono na mashine kuwa na volti sawa. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, kisha shika chuma cha kasha mahali pasipo rangi kabla ya kugusa kitu kingine, na uendelee kukigusa. Ukiwa na bangili ya kuondolea chaji, ibane kwenye chuma hichohicho. Ndani ya bangili mna kizuizi cha omu milioni 1, kinachokukinga ukigusa umeme kwa bahati mbaya.

Kadi ya memori ishike kwa kingo zake, vidole viwe mbali na yale meno ya dhahabu. Isipotumika, irudishe ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha. Wengi huilaza juu ya mfuko, ilhali kinga iko ndani.

Na vumbi? Litoe kwa brashi laini ya manyoya. Mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi ina mdomo wa plastiki unaojaa chaji kadiri vumbi linavyopita, nawe unausogeza sentimita chache tu kutoka kwenye bodi.